Ndugu Yangu Amelazwa kwa Jina Langu

Mshauri mpendwa, shikamoo, nisaidie kabla sijapasuka. Mimi ni fundi wa kuezeka vigae, nina miaka ishirini na minne, nilikuja huku nikijigamba kwamba nakwenda kuona dunia na miaka mitatu yote nimeona mapaa tu, kila asubuhi nikiwa juu nautazama mlima wa theluji ule pale na roho inanitoka, basi mwezi uliopita nikatoroka siku moja nikaupanda, na mtoto wa mama mdogo, ninayefanya naye kazi hapa hapa, aliyekuwa na mapumziko siku hiyo, akavaa kofia yangu na kitambulisho changu akanishikia zamu, maana huku wanatazama namba, nyuso hawana habari nazo.

Akateleza, akaanguka toka ghorofa ya pili, nyonga ikavunjika. Hospitali wakaandika jina langu, kampuni ikampigia mama yangu kwamba mwanao ameanguka. Mama analia kutwa, na anayemnywesha uji akimwambia, "Dada, jikaze," ni mama mdogo, hajui aliyelala kule ni wake wa kumzaa. Simu ya ndugu yangu ninayo mimi, mama mdogo akiandika namjibu, "Niko salama, mama."

Msimamizi kasema, "Mkifungua midomo, mnarudi kwenu wote wawili." Nilipokwenda hospitali ndugu yangu akaniuliza, "Kaka, mlima ulikuwa mtamu?" Hasira zikanipanda, nikamjibu nani alimtuma ateleze, nikatoka. Sasa wanataka kumpasua tena, na faili wanalosoma ni langu mimi nisiye na ugonjwa, naye ana pumu, anaogopa kusema. Nivumilie mpaka apone?

Fundi Vigae, ugenini

JIBU

Uvumilie nini wewe? Anayevumilia ni yule mwenye nyonga iliyovunjika. Nimekupigia mara nne kwa namba uliyoiandika kwenye bahasha, hupokei, ndiyo maana nakusema hapa mbele za watu.

Kutamani mlima si dhambi. Ujana ni huo, na miaka mitatu juu ya vigae ingemchosha hata punda. Lakini kumwandikia mama wa mwenzio "niko salama" kwa simu ya mtoto wake aliyevunjika, huo ni unyama, na usimsingizie msimamizi. Vidole ni vyako.

Nenda hospitali leo, na vitambulisho vyote viwili mkononi. Usianzie kwa msimamizi, mwone daktari. Mwambie jina la kweli, mwambie pumu. Ukitoka hapo tafuta ofisi ya kazi au ubalozi wenu, ueleze pia vitisho mlivyopewa. Mkirudishwa, mtarudi. Kurudi nyumbani ukiwa hai hakujamuua mtu.

Kisha mpigie mama mdogo, kwa sauti yako. Atakutukana, usikate simu. Mama yako ameshalia mwezi mzima kwa ajili ya mwana asiyeumwa, na mwenye haki ya kulia bado anakoroga uji.