Diski ya Magesa Haionekani

Jumatatu, 9 Juni
Nimesahihisha madaftari ya kidato cha pili, nimefua, nimerudi kwenye kompyuta ya Magesa. Bado haiamki. Kioo cheusi na mstari mmoja wa Kiingereza wa kunitukana. Dunia nzima kompyuta zake zinaendeshwa na mifumo miwili mitatu inayojulikana. Mume wangu akajitafutia wake, ambao hapa Mwanza labda alikuwa nao peke yake. Alisema ni mwepesi, unafaa kompyuta kuukuu. Sasa yuko kaburini wiki ya tano, na mimi nimebaki na wepesi wake.

Mama mkwe anakuja Jumamosi kutoka Majita. Ameomba kitu kimoja tu: amsikie mwanawe akiimba. Rekodi zote za kwaya zimo humo ndani. Kwenye simu yangu sina hata moja. Nilidhani tuna muda.

Jumanne, 10 Juni
Nimeipata flashi yake ya kuwekea mfumo upya, pamoja na karatasi ya maelekezo kwa mwandiko wake. Hatua ya nne: chagua diski, weka mfumo fungu la kwanza la diski, la pili usiguse, rekodi zimo humo. Nimefika hatua ya nne. Orodha tupu. Hakuna diski iliyopatikana. Nimezima, nimewasha, mara sita. Tupu.

Nimelia kwa hasira. Huzuni imekuja baadaye, nikiosha vyombo.

Jumatano, 11 Juni
Nimefungua kasha la kompyuta. Nimechomoa waya wa diski, nimepuliza vumbi, nimechomeka tena. Nimeweka waya mwingine. Wapi!

Nyuma ya karatasi Magesa ameandika: isipoonekana, ingia kwenye mipangilio ya mashine yenyewe, badili namna ya kusoma diski. Nimebadili. Ikaonekana! Jina lake, ukubwa wake, mafungu yote mawili. Nimepiga kelele mpaka jirani akaja mbio akidhani nimepata msiba mwingine. Nikabonyeza kuendelea. Ikatoweka. Haijarudi.

Alhamisi, 12 Juni
Baada ya vipindi nimeibeba hadi Nyakato, kwa fundi Shabani. Mfumo huu hajawahi kuuona, ila hakucheka. Nimempenda kwa hilo.

Amechomeka diski yake ya majaribio kwenye kompyuta yetu. Imeonekana palepale. Basi mfumo hauna kosa, mipangilio haina kosa. Akaiweka ya kwetu sikioni, kisha akanipa nami nisikilize. Inagonga, inanyamaza, inagonga.

"Mwalimu, hii iliwahi kubebwa au kugongwa ikiwa inazunguka?"

Nikasema hapana.

Ijumaa, 13 Juni
Nimemdanganya. Iliwahi.

Siku ile ya msiba watu walikuwa wameanza kuingia, na sebule haikuwa tupu. Makochi nje, meza nje, televisheni nje, mikeka itandikwe. Kompyuta ilikuwa inafanya kazi. Magesa aliiacha hivyo asubuhi, akatoka, moyo ukasimama njiani. Nilichomoa waya mimi mwenyewe, na kabla haijatulia nikaipitisha dirishani kwa mashemeji maana mlangoni palijaa. Iligonga ukingo wa dirisha. Nilisikia. Sikujali. Nilikuwa nawaza watu watakaa wapi.

Si mfumo wake wa ajabu. Ni mimi.

Shabani amepiga simu saa tisa. Wameifungua diski na mwenzake anayeokoa mafaili. Imekwaruzika ndani, hakuna cha kuokoa. Amesema pole mara nne.

Jumamosi, 14 Juni
Mama mkwe amefika kabla ya saa sita. Nimepiga goti, nimemwamkia, nimempa maji. Kisha nimemwambia yote, hata la dirisha. Amekunja na kukunjua ncha ya kanga.

"Basi niimbie wewe, mwanangu. Si ulikuwa unasimama karibu naye kwayani?"

Nimemwimbia ule wimbo wa Pasaka aliotunga Magesa. Naijua sauti ya pili tu. Kuna mahali wote hunyamaza, besi yake inabaki peke yake. Nilipofika hapo nikanyamaza. Tukasubiri urefu wa besi hiyo wote, mimi na mama, kisha nikaendelea.