Vitabu vya Kupigia Picha

Shoga, usicheke kabla sijamaliza.

Vile vitabu vya hadithi nilivyowaombea wanangu wa darasa la pili, mlivyochangia kidogo kidogo wewe na wenzako, vimefika leo. Arobaini! Kila kimoja ndani ya nailoni yake.

Mkuu wa shule akaja na simu, akawapanga watoto, akawagawia. "Tabasamuni!" Akapiga picha. Yule kibogoyo wangu wa dawati la mbele akaanza kuichana nailoni kwa meno mawili aliyobakiwa nayo.

Mkuu akampokonya. AKAMPOKONYA, shoga! "Usifungue! Vitachakaa, na wakaguzi wanakuja mwezi ujao."

Nikadhani utani. "Mkuu, si vya kusomwa hivi?"

"Mwalimu, kitabu kizuri kinatunzwa."

Kinatunzwa! Kama vikombe vya wageni!

Vyote vimefungiwa kwenye kabati la vioo ofisini kwake, na kufuli juu. Watoto wamerudi kwenye kitabu kimoja watu watano, nacho hakina jalada.

Kibogoyo kaniuliza, "Mwalimu, kumbe vilikuwa vya kushika tu?"

Sasa sikia. Mkuu kanipa ile picha ya watoto wakitabasamu niwatumie wachangiaji. Sikuituma. Nimewatumia ya kabati, kufuli likionekana vizuri, nikaandika: "Vitabu vyenu vimefika. Watoto bado hawajavifikia."

Angalia simu yako, na wewe nimekutumia.

Mkuu ananipigia mara ya tatu hii. Nitapokea akishautafuta ufunguo.