Nyota Kichwani mwa Boliti

Kambi ya laini ya umeme, ng'ambo ya Kidahwe
4 Agosti 2025

Dada Mwasiti,

Shikamoo. Natumai mko wazima hapo Bangwe, wewe, watoto na mafundi wako wa boti. Mimi mzima wa mwili. Simu huku haishiki, ndiyo maana nimempa barua hii dereva wa lori la mchanga.

Juzi alfajiri wezi walirudi kwenye mnara wetu. Mlinzi wetu Selestini, yule mzee niliyekwambia hucheka na kila mtu, aliwakaribia awaulize. Wakamkata panga la mkono, kisha la shavu. Tulimkuta amekaa chini, amejifunga shati mkononi, meno yanaonekana kupitia shavuni. Yu hai, lakini mkono ndio basi tena.

Walichofuata ni boliti tu, zile nyeupe zisizoshika kutu, zinazofunga miguu ya mnara. Dada, laini hii inajengwa na Watanzania watupu, kuanzia mhandisi mpaka mpishi, na vyuma vyake vimekatwa humu humu nchini. Wanakijiji wameahidi kila kaya itautunza mnara ulio shambani mwake. Lakini mwizi haibi kama hana mnunuzi, na nasikia wanunuzi ni mafundi wa boti huko kwenu. Waambie wenzako: boliti zetu zimegongwa nyota kichwani. Wakiiona, wakatae. Wewe mwenyewe kila siku unalia na jenereta.

Mdogo wako,
Iddi


Bangwe
9 Agosti 2025

Mdogo wangu Iddi,

Marahaba. Sisi wazima, ila mtoto wa mwisho ana kikohozi cha vumbi. Nimekutumia samaki wakavu, migebuka, na chupa ya mawese. Usimpe huyo mpishi wenu, ataviharibu.

Habari ya Selestini imeniuma. Hao wezi nao wakatwe vilevile, tena kwa panga butu. Nimepita kwa mafundi wote ufukweni na nimekagua kwangu mwenyewe. Hapa hakuna boliti yenye nyota hata moja. Kawatafuteni kwa wauza vyuma chakavu, msituchafue sisi. Umeme wenu nausubiri kuliko mtu yeyote. Randa ya mashine imelala tangu shemeji yako afariki, na jenereta linanimaliza.

Mkimkamata mwizi, msimbembeleze.

Dada yako,
Mwasiti


Kambini
21 Agosti 2025

Dada,

Shikamoo. Sijui kama nyie mnalala. Mimi silali.

Hatukumbembeleza. Jumapili mchana watu walikuwa wanatoka kanisani, wakamkuta Yona, mkulima wa hapa, ana spana kwenye mguu wa mnara. Mnara wenyewe ni ule ulio shambani mwake, aliokabidhiwa yeye autunze. Hilo ndilo lililowapandisha watu mori. Walianza na fimbo, wakahamia mawe. Na mimi nilirusha, dada. Nilikumbuka shavu la Selestini nikarusha, jiwe likampata sikioni, nikasikia lilivyolia. Mkewe Skolastika alijilaza juu yake, wakamvuta kwa nywele kama gunia. Mtu mmoja akaleta jembe.

Walipochoka nilimwinua kichwa. Sijui kwa nini niliona ni kazi yangu. Akaniambia taratibu, "Mzee walimkata wenzangu, si mimi. Na anayenunua ni Mwasiti wa Bangwe." Akafia mapajani pangu. Hakuna mwingine aliyesikia, na suruali ile sijaifua mpaka leo.

Sema si kweli. Andika neno moja tu, nitaliamini.

Iddi


Bangwe
24 Agosti 2025

Iddi, mdogo wangu,

Marahaba. Wazima tupo, kama uzima ndio huu.

Ni kweli. Misumari ya dukani inaliwa na kutu kabla mwaka haujaisha, boti zinarudi zinavuja, na wenye boti wananitukana mbele ya mafundi wangu. Yona alileta boliti za kwanza ndani ya mfuko wa unga wa muhogo, nikafurahi. Barua yako ilinikuta boti ya mteja wangu Yunisi iko karibu kushushwa majini. Badala ya kuzikataa, niliwapa mafundi tupa, nikawaambia wasage nyota zote. Ndipo nikakuandikia kwamba hapa hakuna nyota hata moja, na kwa wenzangu wala sikupita. Nililiandika hilo nikijiona mjanja.

Jana nimeivuta boti ya Yunisi mchangani, nikazing'oa boliti mwenyewe, na mafundi wote wa Bangwe wakitazama. Wapo walionitemea mate. Wapo walioondoka wakarudi na za kwao, zina nyota zao bado. Tumejaza magunia. Kutoka hapo nikaja huko msibani, nikamwambia Skolastika mbele ya watu kuwa mnunuzi ni mimi. Alichukua mchi wa kinu. Amenivunja jino na vidole viwili, wala sikujikinga, wala hakuna aliyemzuia. Barua hii naiandika kwa mkono wa kushoto.

Kesho naleta magunia kambini kwenu, kisha napitiliza polisi. Kama hutaki kuniona, kaa huko huko juu ya mnara.

Mimi ndiye niliyesema msimbembeleze. Najuta, Iddi.

Dada yako,
Mwasiti


Kambini
30 Agosti 2025

Dada Mwasiti,

Shikamoo siiweki humu, utaona sababu mwishoni.

Nilikuona kutoka juu ukishusha magunia kwa mkono mmoja. Sikushuka. Nilikuwa na hasira na wewe, na bado ninayo.

Mkaguzi wa laini amezipitia boliti zote. Za wenzako amezipokea, zimeshafungwa. Zako amezikataa mpaka ya mwisho. Nyota ile ndiyo inayoonyesha boliti ina nguvu ya kubeba mnara. Ikishasagwa, hakuna atakayethubutu kuifunga juu ya kichwa cha mtu. Zimo kwenye pipa la takataka nyuma ya jiko. Mhandisi anasema umeme utafika Bangwe kabla ya masika. Mafundi wako watauwasha wao.

Polisi wapo kijijini wanauliza nani alimpiga Yona. Kila mtu anasema siku ile alikuwa Kasulu. Skolastika anawatazama tu, watoto wake wamemshika kanga.

Mimi sikuwa Kasulu. Nimeshamkabidhi mwenzangu mkanda wangu wa kupandia minara. Kesho asubuhi naingia kituo hicho hicho cha polisi ulichopo, na shikamoo yako nitakupa huko.

Mdogo wako,
Iddi