Siku Kumi na Mbili za Chiriku

Nyumba ya Fundi Cherehani,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu na za wote wa nyumba hii. Hujambo? Shemeji hajambo? Na wale mapacha, bado wanagombania dirisha la gari au wamekua kidogo? Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kuinua wagonjwa umepata nafuu. Sisi tunaendelea vizuri. Mama anakohoa asubuhi, lakini ukimwambia twende hospitali anapona papo hapo.

Najua unajiuliza kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Simu yetu ya mwisho ilituharibia. Wewe ulisema namlea mwanangu kama yai, mimi nikakujibu kwamba ulezi wa kwenye simu hata mimi nauweza, nikakata. Nimekununia miezi mitatu mizima. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza, wala mimi siwezi kukata. Basi vuta kiti, nikueleze.

Mara ya mwisho ulipomwona Chiriku alikuwa bado anaona kwa jicho la kulia. Ulimwacha akiwa yule yule ambaye Mama alimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukupumzika tangu alfajiri. Baada ya upasuaji wa pili, presha ya macho ilimalizia kazi yake. Sasa anatambua mwanga na giza, basi. Na siku alipoelewa kwamba uoni wake haurudi tena, aliacha kuongea. Anajibu akiulizwa, lakini ule wimbo wa maneno ndani ya nyumba ulikatika, na nyumba ikawa kubwa mno.

Mimi nikafanya nilichokijua. Nilimvalisha, nilimkatia chakula, nilimpelekea maji bafuni, nilimshika mkono hadi mlango wa darasa na kumfuata saa tisa. Msichana wa miaka kumi na sita! Wateja walikuwa wananikuta nimefunga karakana. Nilijiona mama bora kuliko wote mtaani, na nisikufiche, nilipenda watu waseme hivyo.

Mwezi Julai mkuu wa shule aliniita. Si mtu mbaya. Alinieleza taratibu, huku akigeuzageuza kalamu, kwamba Chiriku hana alama hata moja ya hesabu kwa mwaka mzima, maana anakaa nyuma na kusikiliza tu. Shule ikifunguliwa Septemba kungekuwa na mtihani wa kuingia darasa la mwisho. Asipoweza kuuandika kwa mkono wake, itabidi akae nyumbani hadi ipatikane shule nyingine, na hakujua itapatikana lini. Kisha akanipa tangazo: mafunzo ya bweni wakati wa likizo, siku kumi na mbili, kwa wanafunzi wasioona na wenye uoni hafifu. Mdogo wangu, lilikuwa tangazo lile lile ulilonitumia wewe mwezi Mei, nikalifuta bila kulisoma hadi mwisho. Nilitamani meza ya yule bwana inimeze.

Tulikwenda. Mafunzo yalikuwa kwenye shule ya bweni iliyoazimwa, wanafunzi kumi na wanne, vyumba vinavyonuka rangi mpya. Mratibu ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamuru kikosi. Alipokea begi, akanitazama nilivyomkumbatia mtoto, akasema, "Mama, tunamchukua yeye. Wewe tunakurudisha." Masharti yake: hakuna simu siku sita za kwanza, na wazazi waje siku ya kumi, si kabla. Nilianza kumweleza kwamba Chiriku hawezi hiki, hawezi kile. Akasikiliza orodha yote kwa adabu, kisha akamgeukia mwanangu na kumuuliza, "Na wewe unasemaje?" Chiriku akainamisha kichwa. Nikaondoka shingo upande.

Ya siku zile nimeyajua baadaye, kwa vipande. Siku ya kwanza alilia chooni. Siku ya pili aliambiwa atandike kitanda chake, akakitandika shuka juu ya mto. Kwenye kitanda cha jirani alilala msichana aliyezaliwa haoni, wanamwita Spika kwa namna anavyoendesha mijadala ya bweni. Huyo ndiye aliyemfundisha kumimina chai kwa kusikiliza, kwamba kikombe hubadilisha sauti kinapokaribia kujaa. Kabla ya kumfundisha alimcheka kwanza. Nadhani kile kicheko kilimsaidia kuliko huruma zangu zote.

Asubuhi hadi jioni walikuwa wakisoma: kompyuta inayosoma kwa sauti, kutembea na fimbo nyeupe, jikoni, na hesabu kwa nukta nundu, yale maandishi ya vitone yanayosomwa kwa vidole. Herufi alikuwa anazijua kidogo, maana kuna mwalimu anayezunguka mashuleni, anampitia mara moja kwa wiki. Lakini alama za hesabu hakuzijua kabisa. Mwalimu wa hesabu naye haoni, mtu mzima, watoto wamembandika jina Desimali kwa kuwa hasamehi hata nukta moja. Siku ya tatu Chiriku alisukuma mashine ya kuandikia akaanza kulia. Desimali akavuta kiti akakaa naye. "Lia," akamwambia, "mimi nililia muhula mzima. Ila wewe una siku tisa, kwa hiyo lia huku unaandika." Akamsomea swali linalofuata.

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Siku ya kumi sikuweza kuingoja. Siku ya nane nilishafika kwenye ule mji. Nilijidanganya kwamba nafuata kitambaa cha sare. Kumbe siku hiyo hiyo wanafunzi walikuwa wakitumwa mjini mmoja mmoja, kila mtu peke yake, kununua kitu na kurudi. Mwalimu wa fimbo hufuata kwa mbali bila kusema neno. Chiriku alitumwa duka la vifaa vya shule, akanunue daftari la karatasi nene. Njia alikuwa amefundishwa siku mbili, hatua kwa hatua.

Nikiwa nje ya duka la vitambaa nikamwona ng'ambo ya barabara. Mafundi wa mabomba walikuwa wameichimba njia ya miguu asubuhi ile ile, mtaro wa kufika kiunoni, umefunikwa mbao mbili tu. Fimbo yake iligusa ukingo ikadumbukia hewani. Akasimama. Nilishanyanyua mguu nivuke, ndipo nikamwona mwalimu wa fimbo ameegemea nguzo mbele ya duka la dawa. Alinitambua. Akaninyooshea kiganja: hapo hapo.

Nikauma mtandio wangu, nikangoja.

Chiriku alirudi hatua moja. Akagusa kulia, kifusi. Akagusa kushoto, magari yanapita. Akatulia, ameinamisha kichwa, anasikiliza. Akaja mchukuzi na mkokoteni wake, akauacha, akamdaka mkono na kuanza kumvuta.

"Twende dada, nikuvushe."

"Asante kaka, ila usinivute. Acha nikushike mimi." Akahamishia mkono wake kwenye kiwiko cha yule mtu, kama waliokuwa wakijuana miaka. "Kwanza niambie, huu mtaro unaishia wapi?"

Mchukuzi alishangaa mpaka akacheka. Akamweleza, wakapita zile mbao, fimbo ikigonga mbele. Upande wa pili akamshukuru, akamwachia, akaenda peke yake. Na moja kwa moja akaingia kwenye bucha! Mtaro ulikuwa umemvurugia hesabu ya milango. Nikamsikia mpaka ng'ambo: "Habari za kazi. Naomba daftari la karatasi nene." Mwenye bucha akatua shoka. "Binti, karatasi niliyo nayo ni ya kufungia nyama, na ukiichukua lazima uichukue na nyama yake." Wateja wakaangua kicheko.

Na Chiriku akacheka. Mdogo wangu, sikuwa nimesikia kicheko kile mwaka na miezi minne. Kile kile cha kuishiwa pumzi.

Hapo sikumwangalia tena mwalimu wala kiganja chake. Nilivuka barabara magari yakinipigia honi, nikamkumbatia mlangoni pa bucha huku nalia. Nikausikia mwili wake unakakamaa.

"Mama? Unafanya nini hapa?"

"Nimekuja kununua kitambaa."

"Ulikuwa hapa tangu saa ngapi?"

Sikuweza kumdanganya. "Tangu mtaroni."

Akajitoa mikononi mwangu. "Ungeniacha nimalize," akasema, akatafuta ukuta kwa fimbo, akaenda zake. Duka la vifaa lilikuwa mlango wa pili. Alinunua daftari, akarudi shuleni mimi nikimfuata nyuma, wala hakunisemesha hadi kesho yake. Mratibu hakunifukuza. Alinionyesha kitanda, akasema, kwa kuwa umefika, utatusaidia kumenya viazi.

Siku ya kumi wazazi wengine walifika. Tulifungwa vitambaa machoni, tukaambiwa tujihudumie chai. Yangu niliimwagia magoti ya baba mmoja dereva wa lori, naye akapiga yowe hadi watoto wakaja mbio. Kisha kila mtoto akamchukua mzazi wake kumzungusha jengo. Chiriku akaja, akanipa kiwiko. Ngazi zilikuwa kumi na moja, na mimi kila moja niliiona shimo. Katikati nikakwama kabisa.

Tukakaa pale pale kwenye ngazi. Nikamwomba msamaha, kitambaa kikiwa bado machoni, na labda ndiyo sababu niliweza.

"Pale mtaroni nilitaka kukuita," akaniambia. "Nilikuwa na woga, Mama. Kama ningejua upo, ningekuita, ungekuja, na nisingepita."

Nimelirudia neno hilo nikishona, nikipiga pasi, nikilala.

Shule zimefunguliwa Jumatatu iliyopita. Mtihani ameuandika katika chumba cha peke yake, maana ile mashine inagonga kama cherehani langu bovu. Yule mwalimu anayezunguka akaunakili kwa maandishi ya kawaida, ukasahihishwa pamoja na ya wenzake. Alipata arobaini na saba kwa mia. Alama ya kufaulu ilikuwa arobaini. Maswali ya michoro aliyaacha yote, kwa sababu hakuna aliyemtengenezea michoro ya kugusa. Mkuu wa shule ameahidi itatengenezwa. Nimemwambia nitapita kila Ijumaa kumkumbusha, na kwa jinsi alivyonitazama, nadhani ameamini.

Sitaki ufikiri mambo yote yamenyooka. Jumatano alijigonga kwenye pikipiki iliyoegeshwa katikati ya njia, akarudi na damu ugokoni, akaitupa fimbo uvunguni mwa kitanda. Kutwa nzima hakutaka kuongea na mtu. Mikono yangu iliniwasha kuitoa ile fimbo na kumpa, au kumwambia kesho nitakupeleka mimi. Nikakaa kwenye cherehani, nikashona kola ile ile mara tatu. Alhamisi asubuhi nikasikia fimbo inakwaruza sakafu, kisha mlango. Sikutoka kuchungulia. Kwa kweli nilichungulia, lakini kupitia pazia.

Na maneno yamerudi. Sasa anapigiana simu na Spika kila jioni, wanabishana hadi Mama anaomba yule mtoto arudishwe kwenye ukimya wake. Anasema tu; juzi nilimkuta Mama huyo huyo ameegemea mlango wa Chiriku anasikiliza, anatabasamu peke yake.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ulikuwa sahihi. Nimeliandika, na sitalirudia, kwa hiyo itunze karatasi hii. Ulinikera kwa sababu ulisema jambo nililokuwa nimeshaanza kulijua mwenyewe. Nisamehe kwa kukukatia simu. Ukipiga nitapokea kabla haijaita mara mbili.

Msalimie sana shemeji, na mwambie lile koti lake nimeshalipunguza mabega. Wabusu mapacha. Mpe salamu jirani yako mkunga aliyekuwa akituombea wakati wa upasuaji. Mama anakusalimu na anauliza utakuja lini. Usimjibu kwa miaka, mjibu kwa miezi. Mwenyezi Mungu akulinde kazini na njiani, akutunzie mikono hiyo inayohudumia watu.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi nene isiyo na wino. Ni barua ya Chiriku kwako, ameiandika kwa nukta nundu. Amekataa kunisomea, anasema ni mambo yake na mama yake mdogo. Hapo hospitalini pako hapakosi mtu wa kukusomea. Mimi nimeanza kujifunza kwake jioni, ingawa vidole vyangu vimekufa ganzi kwa sindano za miaka ishirini, na nimefika herufi ya M tu. Jana nilijifungia karakana nikaipapasa yote, mstari kwa mstari. Nimelipata neno moja, "mama", limo mara nne. Yaliyoandikwa kabla na baada yake sijayaweza, kwa hiyo sijui kama ananisifu au ananisengenya. Ukishasomewa, usinidokeze chochote. Nataka nifike mwenyewe.

Dada yako akupendaye, hata anaponuna,

Mama Chiriku