Herufi Nne Zinatosha

Chome, nyumbani kwa Mama,
Same.
14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Eliufoo,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, lakini barua inakwenda polepole, kwa hiyo shikamoo yako nimeipokea mapema. Hamjambo huko Ufini? Baridi haijawamaliza? Mkeo mzima? Na Elinaza wetu, kile kikohozi kimeisha? Sisi hatujambo, ni ukungu na matope tu. Maharage yamekubali sana mwaka huu, tunakula makande mpaka paka amenuna.

Utashangaa dada yako anashika kalamu wakati mnara wa simu umesimama pale mlimani. Nikiandika kwenye simu, vidole hivi vya jembe vinabonyeza herufi tatu kwa mpigo. Kukutumia sauti ndiyo kabisa siwezi, maana Mama anasikia hata kuku akikohoa, na habari hii hatakiwi kujua nimekupa. Kaa chini usome.

Mwezi uliopita Mwalimu Wilbard, anayefundisha kompyuta sekondari, alikuja kwenye kikundi chetu cha akina mama kutueleza intaneti ilikotoka. Alisema mwaka 1969 huko Marekani wasomi walikuwa na kompyuta kubwa kama kabati la nguo, moja mji huu, nyingine mji wa mbali. Wakataka zisemezane. Wakatuma neno la herufi tano. Zikafika mbili, mtambo ukagoma!

Mama akauliza kama walianza kwa salamu. Mwalimu akasema hapana, waliingia kwenye neno moja kwa moja. "Ndiyo maana," Mama akasema, na kikundi kizima kikaangua kicheko.

Mwalimu wa watu akavumilia, akaendelea. Miaka miwili baadaye zikaja barua pepe, mwanzoni mwa miaka ya tisini watu wakaanza kufungua kurasa, mwaka 2009 waya ukapita chini ya bahari mpaka Dar, na mwisho mnara ukatufikia sisi. Barabara ya lami ndiyo bado! Mama akasema yeye historia haimsaidii kitu, anachojua ni kwamba kila Jumapili anamwona mjukuu wake.

Sasa habari yenyewe ni hiyo.

Unakumbuka Jumapili ile simu ilipokatika ukimwonyesha Elinaza? Huku tulikuwa tumeiweka juu ya debe la mahindi dirishani, kama kawaida. Ninyi mkapotea, kioo kikawa cheusi tii. Mama akaendelea! "Ona anavyonichekea jamani! Vijino hivyo! Na pua ya babu yake kabisa!" Mimi nimeduwaa na mwiko mkononi. Nikampungia mwiko mbele ya uso. Hakupepesa. Akaniambia niache kumpepea, anaongea na mtoto.

Eliufoo, Mama haoni. Anaona mwanga na vivuli, basi. Ni tangu mwaka jana. Ile pua ya babu aliyoitangaza kanisani mpaka mchungaji akaomba picha, ameibuni mwenyewe. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni, halafu nikalia, halafu nikamgombeza. Nilipombana kwa nini alificha, alisema aliogopa ukijua haoni utaona hakuna haja ya kupiga. Roho iliniuma mdogo wangu, siwezi kukuficha.

Nikamteremsha Gonja hospitalini. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, upasuaji mdogo tu, kesho yake wanafungua bandeji. Akampangia wiki iliyofuata. Thubutu! Mama akamwambia aandike Desemba, wakati watu wanapanda milimani kwa Krismasi. Anataka bandeji ikitoka, uso wa kwanza uwe wa Elinaza, uso wa nyama na damu, aushike. Daktari akambembeleza afanyiwe sasa, mtoto atamwona kwenye simu. Mama akamjibu kwamba kwenye simu amemwona mwaka mzima na bado hamjui.

Wameandika tarehe 16 Desemba. Mama hajasema uje, na hatasema, kiburi chake unakijua, nusu yake umerithi wewe. Mimi ndiye ninayeomba. Asipomsikia mtoto hapa nyumbani ataahirisha tena, na daktari alisema macho hayo yasicheleweshwe mno. Uje na pua hiyo tuikague wote.

Msalimie sana mkeo. Binamu yetu Clemence wa Lembeni anakusalimu, na Mwalimu Wilbard pia. Mama yupo hapa pembeni anachambua maharage kwa vidole, ameniuliza naandika nini, nimemwambia orodha ya mbegu. Mungu anisamehe, na awalinde ninyi watatu mkilala na mkiamka.

Barua hii ikikufikia, usipige kuniuliza haya, usitume sauti. Wale wasomi wa Mwalimu walifikisha herufi mbili tu na dunia nzima ikaanzia hapo. Wewe nitumie nne: NAJA. Mama hataziona, lakini nitamsomea mimi, kwa sauti, mara nyingi kadiri atakavyotaka.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata unaponikasirisha,
Beatha