Hema Kando ya Ziwa la Juu

Kambini, Ziwa la Juu, Ufipa
14 Juni 1953

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mgongo umetulia sasa tumbaku ikiwa imekwisha kuingia bandani. Mimi sijambo, ila midomo imepasuka kwa baridi. Asubuhi huku mtu anatoa moshi bila sigara.

Nimechelewa kuandika kwa sababu hakuna posta. Barua hungoja mpaka lori la Bwana Nyama literemke Mpanda. Huyo ndiye mzungu wa serikali anayelinda wanyama wa pori, na ndiye aliyeniajiri nimpikie yeye na wageni wake. Mlima huu umewekewa mipaka, haulimwi wala hauwindwi tena, na watu wanatoka mbali kuja kulala mahemani.

Tulishuka treni Mpanda, tukapanda lori mpaka barabara ikakwisha, kisha tukakwea kwa miguu, wapagazi mbele na mahema vichwani. Mimi nilikuwa natazama visigino vya aliyenitangulia tu. Ghafla visigino vikasimama. Nikainua macho, na mama, sikujua kama natazama juu au chini. Mbingu ilikuwa imelala chini yangu, mawingu yanatembea ndani yake polepole, na miti imesimama kichwa chini ukingoni. Wapagazi walikuwa wanaimba tangu bondeni. Wakauacha wimbo katikati, wakatua mizigo. Wenyeji wanaliita Ziwa la Juu, basi, hawakuhangaika kulitafutia jina lingine.

Yupo hapa askari wa pori anaitwa Nassibu, mtu wa Tabora mjini. Baba yake alikuwa mpagazi wa misafara ya zamani. Ndiye ninayezungumza naye.

Minza anaendeleaje? Nimemwandikia, hajajibu. Tangu tumzike Apolinaria wetu alikuwa ananitazama kama anayetazama njia, aone nani anakuja nyuma yangu. Nilipomuaga hakuitika. Tafadhali niambie ukweli.

Mwanao,
Modest


Goweko
20 Julai 1953

Mwanangu Modest,

Marahaba. Barua yako imefika, nimeisoma mwenyewe kwa kile kisomo changu cha kwa masista, polepole lakini nimeimaliza. Sijambo. Mgongo ni wangu, nitazikwa nao.

Umeniomba ukweli. Mke wako hasemi. Si kwamba ana hasira, hapana, ukimtuma anakwenda. Nilimpa jembe. Nilimkalisha bandani tupange tumbaku kwa madaraja, maana mikono ikiwa na kazi roho hupata nafuu. Ndivyo nilivyofundishwa mimi. Akashika jani moja tangu asubuhi mpaka kuku wakaingia ndani. Jina la mtoto nimekataza lisitajwe hapa nyumbani, lisimchome.

Shemeji yako Masele alikuja kutoka Bukene. Alimtazama dada yake, akatoka nje, akaniambia, "Mama, huyu amekwisha. Nipe nimrudishe kwetu."

Nikamwambia, "Mwenye mke hayupo. Subiri."

"Mvua zikianza nitakuja kumchukua, mwenye mke awepo asiwepo."

Nawe uliondoka kabla matanga hayajapoa. Sikukulaumu siku ile na leo sikulaumu, lakini njoo. Ziwa lako ni zuri, nimelisikia. Mkeo haliwezi kumtunza.

Mama yako,
Bernadeta


Ziwa la Juu
16 Agosti 1953

Mama,

Shikamoo. Nashukuru kwa kunijibu bila kunificha. Niliisoma nimekaa juu ya jiwe, na nilipoinuka chai yote ya wageni ilikuwa imechemka ikamwagika motoni.

Niliomba ruhusa. Bwana Nyama alinisikiliza, si mtu mbaya, lakini wageni wanapishana kambini mpaka mvua, na mpishi mwingine hana. Akaniuliza, "Kama wewe huwezi kwenda, kwa nini asije yeye?" Nilicheka. Kisha nikaona halichekeshi.

Mama, nikueleze kitu. Wageni hawa hawafanyi kazi yoyote. Wanakaa mbele ya hema kwenye viti vya turubai wakitazama maji, tangu ukungu unapoinuka mpaka chai ya jioni. Mwanzoni niliwaona wavivu. Sasa nikimaliza kuosha vyombo na mimi nakaa. Asubuhi huwezi kuona maji kabisa, ni weupe mtupu, unasikia tu ndege wanaongea ndani yake. Halafu unafunguka mahali padogo, kama mtu anayefumbua jicho. Juzi nilikuwa nimekaa hivyo, nikajisikia nimesema "Apolinaria" kwa sauti. Sikuwa nimekusudia. Nililia mpaka shati likalowa. Nassibu akanikuta. Hakuniambia nijikaze. Aliweka bunduki chini, akakaa.

Mpandishe treni aje. Jirani yetu Shilinde na mkewe wanahamia Mpanda mwezi ujao kwa kazi ya mgodini, watasafiri naye, na lori litamchukua kutoka kwao. Nimepewa hema. Nimetandika majani makavu chini, na mablanketi mawili juu yake.

Mwanao,
Modest


Goweko
5 Oktoba 1953

Modest mwanangu,

Salamu zitafuata. Nimempoteza mke wako.

Nilifanya ulivyosema. Nilimsuka nywele, nikamvisha kitenge kizuri, nikampandisha treni mimi mwenyewe na Shilinde na mkewe. Alikaa dirishani. Nilimpungia mkono, naye akainua wake, nikafurahi kama nimeona jua. Sasa Shilinde ameniletea habari kwa mkono wa Abasi wa relini. Kaliua walishuka kungoja treni ya Mpanda. Minza akaonyesha kwa mkono kwamba anakwenda kunywa maji. Hakurudi. Walimtafuta stesheni nzima, sokoni, nyuma ya maghala. Treni ikapiga honi, wakaondoka wakilia.

Nimekwenda Kaliua. Nimeuliza kila mtu. Muuza karanga mmoja alimwona akitoka mjini upande wa pori. Pori lile, Modest, lina simba na mbung'o. Masele amekwisha pata habari. Yuko hapa barazani, hali chakula, ananitazama.

Kama yuko hai nitamwomba msamaha kwa magoti. Kama hayuko hai, usirudi kwanza, sitaweza kukutazama.

Mama


Ziwa la Juu
23 Oktoba 1953

Mama,

Yuko hapa. Minza yuko hapa, mzima, amelala hemani, nami naandika nikisikia anavyopumua. Mwambie Masele ale.

Sasa shikamoo, na nikueleze.

Barua yako ilinifika jana. Nilimwendea Bwana Nyama, safari hii sikuomba, nilimwambia nakwenda. Akasema lori litanishusha. Leo alfajiri nilikwenda ziwani kuteka maji ya mwisho ili nimwachie Nassibu jiko tayari. Ukungu ulikuwa mzito, nilikuwa naiona ndoo na mkono wangu tu. Nikasikia watu wanakohoa upande wa njia, kisha mwanamke anasema, "Kumbe ni kweli lipo."

Mama, ilikuwa sauti yake. Niliisahau ilivyo nzito kidogo.

Nikaita, "Minza?"

"Usije," akasema. "Ngoja nimalizie mwenyewe."

Nikasimama na ndoo. Akatokea polepole, miguu kwanza, halafu kitenge kimechanika pindo, halafu uso. Amekonda, amebabuka kwa jua, lakini alikuwa ananitazama mimi, si nyuma yangu. Ndoo ikaanguka.

Nilimuuliza kwa nini alishuka. Tulikuwa tumekaa kwenye viti vya wageni, Nassibu ametuletea uji, na Bwana Nyama akajifanya anatazama karatasi zake.

"Treni ilikuwa inakimbia mno," alisema. "Miti inapita sijaiona. Nikaogopa nitafika kwako mimi mwenyewe nimebaki nyuma."

Pale Kaliua, kisimani, aliwakuta warina asali wanarudi kwao kusini na wake zao, kwa miguu, kwa njia ile ya zamani ya misafara. Akawafuata tu. Bibi mmoja wa Kikonongo akageuka, akamuuliza, "Umefiwa na nani?" Akamjibu. Ndilo neno lake la kwanza tangu mazishi, mama, na amelisema kwa mtu asiyemjua, njiani.

"Jina lake nani?" bibi akauliza.

"Apolinaria."

Tangu hapo kila walipopumzika bibi alimuuliza jambo moja kuhusu mtoto. Alikuwa anachekaje. Alipenda kubebwa upande gani. Akisema, wengine wote wanasikiliza, wanamegeana asali. Halafu wanainuka, wanatembea tena. Pori lilikuwa kavu na majani mapya mekundu yameanza kuchipua, anasema siku nyingine alitembea hajui kama ameamka. Walipofika chini ya mlima, bibi hakukubali aachwe peke yake. Wakapanda naye mpaka hapa.

Nassibu amewapa chumvi na sukari, wameshuka. Bibi yule alinitazama toka juu mpaka chini, akaniambia, "Na wewe uliza."

Nimeuliza. Tumeongea kutwa. Kuna mambo ya mwanangu nilikuwa siyajui.

Lipo neno moja bado, na ni zito kwangu kuliandika. Mvua zikianza wageni wataondoka, na Bwana Nyama anataka mtu wa kukaa hapa daima, kutunza kambi. Minza anasema anaweza kuishi mahali hapa. Hajasema hivyo kuhusu mahali pengine popote. Lakini wewe uko peke yako. Useme wewe, nasi tutafuata.

Mwanao,
Modest


Goweko
30 Januari 1954

Wanangu Modest na Minza,

Hamjambo? Mimi sijambo. Mvua ni nzuri, miche imeshika.

Najua nimekaa kimya. Krismasi imepita sijawaandikia. Barua ilipofika nilipiga vigelegele mpaka majirani wakajaa uani. Masele alikula ugali wa watu wawili, akaenda zake Bukene anacheka na kufuta macho. Kisha nikafika kwenye lile neno la mwisho. Nikaikunja barua. Kila nikiifungua naifunga tena. Nilisema, hivi ndivyo walivyoamua, waniache na banda la tumbaku.

Nilikuwa nimekwisha kuandika "rudini". Karatasi nilikuwa nayo mkononi. Nikakumbuka Minza alivyolishika lile jani.

Kaeni.

Mimi nina sharti moja. Tumbaku ikiingia bandani nakuja. Nakuja kwa treni, na nitakaa kitini mpaka mwisho wa reli. Nataka hema la wageni, si nyumba ya jikoni. Nataka kile kiti cha turubai. Tangu niwe na akili sijawahi kukaa mahali nisifanye kitu, nataka nione wanaona nini.

Mama yenu,
Bernadeta


Goweko
8 Agosti 1954

Wanangu,

Hamjambo, na ziwa halijambo? Nimefika salama. Nyumba nimeikuta imesimama, kuku wamepungua, sijui nani kala. Mgongo umechoka kwa lori lile, lakini roho haijachoka.

Modest, kuna jambo sikukuambia nilipokuwa huko. Minza analijua, naye ameninyamazia, Mungu ambariki. Wewe uliniona nimekaa kwenye kiti changu asubuhi zote zile, ukaniletea chai, ukacheka ukasema, "Mama amekuwa mzungu." Sikuwa natazama maji tu.

Kabla yako nilizaa wengine wawili wa kiume. Raymundi alikuwa wa kwanza, alikuwa ameanza kusimama kwa kushika ukuta. Dionis aliishi siku chache. Baba yako alinikataza kuwataja, na mama yangu alinipa jembe kesho yake, akaniambia twende. Nilikwenda. Nikalima mpaka ukazaliwa wewe, na nikaendelea kulima. Sikulia, mwanangu. Sikujua kwamba sikulia mpaka siku ile ukungu ulipofunguka, nikayaona maji yametulia hivyo, hayana haraka na mtu. Nikaanza kulia. Minza alikuwa anapita na kuni. Aliziweka chini, akaja akapiga magoti mbele ya kiti, akanishika mikono.

"Mayu," akaniita, kama anavyomwita mama yake mzazi kwao Bukene. "Walikuwa wanaitwa nani?"

Nilimwambia. Halafu akaniuliza Raymundi alikuwa anachekaje, na mimi nikakuta nakumbuka! Miaka yote hiyo, na nakumbuka jino lake la kwanza. Tulikaa mpaka jua likawa kali na uji wa wageni ukaungua. Uliponiuliza nini kinanuka nikakuambia sijui.

Sasa nimekwisha kukuambia.

Nilipofika nilikwenda kwa padre, nikamwomba awaombee wanangu na mjukuu wangu katika misa. Akauliza kama ni kwa nia ya siri au awataje. Nikasema awataje.

Jumapili aliwataja. Raymundi. Dionis. Apolinaria. Kanisa lilikuwa limejaa, watu wakageuka kunitazama, wengine wananijua tangu usichana na hawakuwahi kuyasikia majina mawili yale. Nilisimama, mwanangu. Sikuinamisha kichwa mpaka alipomaliza.

Mama yenu,
Bernadeta