Sabuni ya Wapinzani Wetu

Kabula mjukuu wangu,

Marahaba. Bibi yako hajambo. Anasema kwenye picha umekonda. Mimi niliangalia pikipiki tu.

Umeuliza kwa nini gundi uliyozibia boya la kabureta imeyeyuka. Petroli ya siku hizi ni kali, lakini hata ile ya zamani iliwahi kunifanyia hivyo.

Miaka ya sabini niliendesha lori lililobeba kikundi chetu cha ngoma, Bagalu, kwenda Mhunze kushindana na wapinzani wetu, Bagika. Njiani boya, kile kikopo kinachoelea na kuzuia petroli isizidi, likatoboka, likazama, petroli ikafurika na injini ikazima. Spea hatukuwa nayo. Wapiga ngoma wakanipa nta yao ya kupaka ngozi za ngoma. Nikalikung'uta boya petroli iliyoingia ikatoka, nikaziba, tukaondoka tunaimba. Hatukufika mbali, petroli iliila nta yote.

Lori la Bagika likatukuta hapo. Nilijua watatucheka na kupita. Walicheka kweli, kisha mama mmoja akashuka na kipande cha sabuni ya kufulia.

"Sugulia hii, petroli haiiwezi," akaniambia. "Tukicheza peke yetu, tutakuwa tumemshinda nani?"

Sabuni ikashika mpaka Mhunze. Nawe isugulie hapo kwenye tundu, ikufikishe kwa fundi akalilehemu boya. Gundi yoyote, ilaze kwanza kwenye kikopo cha petroli uone itakavyokuwa.

Siku ile Bagika walitushinda vibaya, watazamaji wote wakatuacha wakawakimbilia wao. Tulirudi nyumbani tukiimba nyimbo zao, kwa sabuni yao.

Babu yako, Shinyanga